Somo: Springi na Shokapu

Baadhi ya Land Rover hubeba ndizi na watu katika njia za milima. Springi hubeba uzito. Shokapu huzuia gari lisirukeruke.

Bonyeza pembe moja ya gari kwa nguvu, kisha achia. Likinesa zaidi ya mara mbili, shokapu imechoka. Tazama pia kama inavuja mafuta. Badilisha mbili pamoja, ya kushoto na ya kulia.

Ukiongeza pleti za springi, funga shokapu zinazolingana nazo. La sivyo matairi yanaweza kudunda na gari linaweza kuacha njia kwenye kona.

Kumbuka: springi ngumu haziongezi nguvu ya breki. Usizidishe mzigo. Juu ya ndizi wamekaa watu.

Maswali
1. Shokapu ina kazi gani?
2. Kwa nini tusizidishe mzigo?