Somo: Dereva Mwenye Lori Lake na Mzigo Asioujua

Rwanda haina bahari. Shehena nyingi zitokazo ng'ambo hufika Kigali kwa barabara, ama kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo, ama kutoka Mombasa kupitia Uganda. Haishangazi basi kuwa madereva wengi walioajiriwa hutamani kumiliki malori yao. Azma hiyo ni njema, ila yahitaji maandalizi.

Hatua za mwanzo zafahamika. Mwenye lori husajili biashara yake katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, akapata namba ya mlipakodi. Huhakikisha kuwa leseni yake yaruhusu lori la aina hiyo, na trela kama lipo. Hupeleka gari kukaguliwa, hulikatia bima, na akivuka mpaka huwa na Kadi ya Njano ya COMESA. Akumbuke pia kuwa Rwanda huendesha upande wa kulia, ilhali Tanzania na Uganda huendesha kushoto. Ajali moja yaweza kumaliza mtaji wote.

Lakini somo kubwa li katika mzigo. Dereva aliyeajiriwa akishawishika kubeba magendo, lori linalohatarishwa ni la tajiri. Dereva mwenye lori hana wa kumwegemea: yeye ndiye tajiri, na mara nyingi lori lenyewe ndilo dhamana ya mkopo wa benki. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yaruhusu kutaifishwa si kwa bidhaa za magendo pekee, bali pia kwa chombo kilichozibeba. Hivyo gunia moja la mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, laweza kumgharimu mtu lori zima, huku deni likibaki.

Kwa hiyo, dereva na azingatie haya:

1. Asimamie upakiaji mwenyewe, na alinganishe mzigo na hati kabla ya kutia saini.
2. Asiguse lakiri ya forodha. Ikikatika njiani, atoe taarifa mara moja.
3. Apime uzito mapema. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 haivushi tani 56 kwa gari na mzigo wake, na malori yenye ekseli chache huruhusiwa uzito mdogo zaidi.
4. Amkanye utingo asipokee kifurushi cha mtu njiani.

Nanyi wakazi wa mpakani mna sehemu yenu. Mara nyingi anayeomba si jambazi, bali ni jirani au shemeji: "Nisaidie na kifurushi hiki tu." Kukataa huonekana utovu wa heshima. Jamii na ielewe kwamba dereva anayekataa analinda riziki ya watoto wake, wala hamdharau mtu. Mwenye bidhaa halali azipitishe forodhani kwa jina lake mwenyewe. Anayejua njama ya magendo awaarifu polisi kwa namba 112.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini hatari ya magendo humlemea zaidi dereva mwenye lori lake?
2. Ndugu akikuomba umbebee mzigo usio na hati, utamjibuje bila kuvunja undugu?