Imani ya Nyumbani: Mama, Mtoto na Kitabu

Somo la Umoja wa Mama. Yasomwe kwanza: 2 Timotheo 1:3-7 na 3:14-17, Kumbukumbu la Torati 6:4-9.



Paulo alipomwandikia Timotheo waraka wa pili alikuwa kifungoni, naye alijua ya kuwa siku zake zimekaribia mwisho. Mtu katika hali hiyo huandika yale ya lazima tu. Lakini tazameni, mara baada ya salamu anawataja wanawake wawili: Loisi, bibi yake Timotheo, na Eunike mama yake. Baba hatajwi hapo. Matendo sura ya 16 inatueleza kwamba baba alikuwa Myunani, na mama alikuwa Myahudi aliyeamini. Basi nyumba ile ya Listra haikuwa nyumba ambayo wote walikuwa na nia moja. Wako wengi kati yetu hapa Arusha wanaoishi hivyo: mume haonekani kanisani ila siku ya msiba, au wakwe ni wa dhehebu jingine na kila mmoja anavuta watoto upande wake. Wasidhani kwamba somo hili ni la wengine.

Katika sura ya 3 Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba ameyajua Maandiko tangu utoto. Neno la Kigiriki alilolitumia ni lile lile ambalo Luka amelitumia kwa mtoto aliyeruka tumboni mwa Elisabeti, na kwa mtoto aliyelazwa horini. Ni mtoto mchanga kabisa. Sasa mtoto mchanga hasomi; aliyajuaje? Aliyajua kwa masikio, akiwa mgongoni na mapajani. Sauti ya mama na ya bibi ndiyo iliyokuwa kitabu chake cha kwanza.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wako katikati yetu akina mama wanaoona aibu. Jumapili hushika kitabu cha nyimbo kama wengine ili wasijulikane, na wakiombwa kusoma somo husema wamesahau miwani. Mama mpendwa, ikumbuke sala ile ya zamani ya Jumapili ya pili ya Majilio, ambayo Askofu Mkuu Cranmer aliiweka katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549. Inamwomba Mungu atujalie kuyapokea Maandiko kama chakula kiingiacho ndani ya mwili. Nayo ina mpangilio wake: kusikia kumetajwa kwanza, ndipo kusoma kukafuata. Aliyepanga hivyo alijua kwamba waumini wengi wa siku zake hawakujua herufi, wala hakuwafungia mlango.

Hata hivyo haifai kuishia kwenye kusikia tu, ikiwa njia ya kusoma ipo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule zaidi ya nusu ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma wala kuandika. Wazazi wetu walikwenda kisomo, ambacho watu walikiita ngumbaru, baada ya kazi za shamba, mikono ingali na udongo. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alitwambia kwamba kazi ngumu haikuwa herufi. Kazi ngumu ilikuwa kukaa kwenye benchi mbele ya mwalimu aliyekuwa na umri wa mwanawe. Alipoweza kusoma alianza na Injili ya Marko, kwa kuwa ni fupi, naye alitusomea polepole mno, akiweka kidole chini ya kila neno. Sisi tulichoka kungoja. Lakini mpaka leo nikisikia habari ya yule mwanamke aliyegusa vazi la Bwana, naisikia kwa mwendo ule wa kidole.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikusanyika katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza redio, mmoja akawasomea wenzake kijitabu, kisha wote wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Mimi napenda sana mfano huu. Waliposoma habari ya choo walichimba choo. Laiti tungesoma Waraka wa Yakobo namna hiyo!

Wengine huniuliza: kwani kusoma kadi ya kliniki nako ni jambo la imani? Naamini ni jambo la imani. Mama anayesoma kwenye bahasha ya dawa kwamba ni kidonge 1 mara 3 kwa siku, na akafuata, anamtunza mtu aliyeumbwa na Mungu. Na tusisahau karatasi za mashamba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Ni sheria nzuri, lakini zinamsaidia nini mtu anayeweka dole gumba asipojua? Yuko mjane mmoja wa huku mlimani aliyeletewa karatasi na jamaa wa marehemu, akaambiwa ni ya kuthibitisha mipaka tu. Mjukuu wake wa darasa la sita alikuwa karibu, akaiokota mezani akaisoma kwa sauti, kama alivyozoea kumsomea bibi Zaburi kila jioni. Ilikuwa karatasi ya kuuza nusu ya shamba la migomba. Bibi akarudisha wino. Mtoto yule hakufundishwa sheria. Alikuwa amezoea tu kumsomea bibi yake kila kilichoandikwa.

Najua neno linalokuja: nafasi iko wapi? Kumekucha ni kukamua, kukata majani ya ng'ombe, kuwahi gari la Tengeru siku ya soko, na jioni watu wanataka kula. Habari ya Martha na Mariamu imetumiwa mara nyingi kuwasema akina mama wanaofanya kazi, nami sipendi. Bwana hakumkemea Martha kwa kupika. Alimwambia anafadhaika kwa mengi. Tena Kumbukumbu la Torati 6 haidai chumba cha kusomea. Inataja kukaa nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Makande hayaivi upesi, sote tunajua. Wakati yanachemka kuna nusu saa iliyo bure, na mtoto mwenye Biblia au simu anaweza kukaa karibu na jiko akasoma sura moja, mama akikoleza moto na kuuliza: huyu ni nani, na kwa nini alifanya hivyo?

Yuko mama mmoja wa Kianglikana aliyejulikana sana, Susanna Wesley, mke wa kasisi wa Epworth huko Uingereza. Alizaa watoto 19, na karibu nusu yao walikufa wangali wachanga. Kila mtoto alipotimiza miaka 5 alimfundisha kusoma, na kitabu cha kwanza kilikuwa Mwanzo sura ya 1. Tena alitenga jioni kwa zamu ili azungumze na mtoto mmoja mmoja peke yake. Alhamisi ilikuwa ya John. John alipokuwa mtu mzima na msomi alimwomba mama yake ampe tena sehemu ndogo ya Alhamisi ile. Naye, tusijidanganye, alikuwa na watumishi wa kumsaidia. Wengi wetu hatuna. Wala si lazima tumuige katika yote, maana alikuwa mkali kupita kiasi. Lakini jioni moja kwa mtoto mmoja, hilo hata mwenye genge la mboga Kilombero anaweza kulipanga.

Neno moja la kuonya. Tusiifanye Biblia kuwa adhabu. Mtoto aliyevunja kikombe akaambiwa akasome Zaburi ya 119 yote, atajifunza kuichukia Zaburi hiyo.

Tutakapokutana kwenye kikundi, tujadiliane mambo haya. Katika nyumba yako ni nani aliyekuwa Loisi, na alikufundisha nini kwa mdomo? Ni karatasi gani iliyo sandukuni ambayo hujaisoma, na ni nani unayemwamini akusomee? Kila mama aje na mtoto mmoja. Asiyejua kusoma asibaki nyumbani. Mtoto wake atatusomea 2 Timotheo 1 mbele ya wote, na mama atatueleza kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasikia.