Vidokezo 7 vya kubeba mzigo mjini kwa baiskeli na guta

Lori hushusha mzigo Kariakoo, Dar es Salaam, lakini guta la magurudumu matatu ndilo linalopenya Mtaa wa Kongo, na baiskeli ndiyo inayofikisha mikate na mayai kwenye maduka ya mitaani. Ni kazi ya heshima, inayotaka ustadi kama kazi nyingine yoyote. Ifanye hivi:

1. Piga hesabu ya uzito. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, hivyo madumu 10 ni kilo 200. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mteja akisema "kamzigo kadogo tu", hesabu mwenyewe. Heri safari mbili kuliko spoki kukatika njiani.

2. Kizito chini, chepesi juu. Guta lina magurudumu matatu, lakini likirundikwa juu hupinduka kwenye kona. Vizito vikae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukivijaza mkiani, gurudumu la mbele hunyanyuka na usukani haukutii tena. Kwenye baiskeli, gawa sawa kushoto na kulia.

3. Funga kwa mpira. Tyubu kuukuu iliyochanwa huvutika na kuubana mzigo hata ukitikisika. Ikaze kwenye fremu, na ncha zisining'inie karibu na spoki wala mnyororo. Trei za mayai zitie ubao chini na juu kabla ya kufunga.

4. Kagua upepo na breki kila asubuhi. Tairi legevu hukuchosha, na shimo moja tu linatosha kuipasua tyubu. Ukishapakia, jaribu breki kwa mwendo mdogo. Ukishuka kutoka Magomeni kuelekea Jangwani, anza kupunguza mwendo mapema, kabla mteremko haujakuvuta. Ukifika kwenye kilima, shuka usukume.

5. Chagua saa na njia. Alfajiri kuna nafasi na jua halijawaka. Njia ya mabasi ya mwendokasi usiiguse: mabasi hayo hupita kwa kasi na hayana pa kukukwepea. Kaa kushoto, ila jihadhari na milango ya magari yaliyoegeshwa.

6. Onekana. Bandika stika za kung'aa nyuma na ubavuni. Giza likiingia, washa taa. Ukitaka kukata kona, nyoosha mkono mapema.

7. Pataneni kabla ya kupakia. Bei ni ngapi? Nani anashusha? Ghorofa ya ngapi? Kitu kikivunjika, nani analipa? Omba pia risiti ya bidhaa uwe nayo njiani, usije ukaulizwa mali ya nani ukakosa jibu.

Nawe mwenye mzigo, usimlazimishe mtu kubeba kupita uwezo wa chombo chake, na mlipe mlichokubaliana. Madereva wa magari, mpisheni mbeba mzigo: kinachomkinga ni uangalifu wenu.