Kuunganisha Intaneti ya Nyumbani kwenye Tarakilishi ya Linux: Mfano wa Mji wa Kale, Mombasa

1.0 Utangulizi

Hadi mwaka 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa kiasi kikubwa katika mawasiliano yake ya intaneti na ulimwengu. Mwezi Juni mwaka huo mkongo wa TEAMS, uliotandazwa baharini kutoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, uliwasili Mombasa. Mwezi uliofuata mkongo wa SEACOM ukaanza kazi. Kisiwa kilichokuwa lango la majahazi kikawa pia lango la data. Hata hivyo, mkongo kufika pwani si sawa na intaneti kufika chumbani. Makala haya yanafafanua sehemu hiyo ya mwisho ya safari, na kuonyesha kuwa mtumiaji anayezijua hatua zake kwa mpangilio na kwa majina huweza kutambua hitilafu mwenyewe kabla ya kumwita fundi.

2.0 Ruta, Waya na Ukuta

Nyumba nyingi kongwe za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Mawimbi ya Wi-Fi hudhoofika yapitapo humo. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vyema kuliko ya gigahezi 5, ingawa haya ya pili yana kasi zaidi yakiwa karibu. Kwa hiyo, ni vyema kuanza kwa waya kati ya ruta na tarakilishi. Waya huo upitishwe mlangoni au kando ya ngazi, kwani kuta za kale hazifai kutobolewa ovyo.

3.0 Hatua za Kupima

Matoleo ya Linux kama Ubuntu hutumia programu ya NetworkManager, ambayo huiomba ruta anwani bila mtumiaji kuingilia. Muunganisho ukikosekana, uchunguzi uanzie karibu na kwenda mbali:

(a) Amri «ip link» huorodhesha vifaa vya mtandao. Kadi isipoorodheshwa, huenda kiendeshi chake hakipo. Kikiwa ni cha Wi-Fi, waya utasaidia kukipakua.

(b) Amri «ip address» huonyesha anwani ambayo tarakilishi imepewa. Ikikosekana, ukaguliwe waya, nywila ya Wi-Fi, kisha ruta.

(c) Amri «ip route» hutaja anwani ya ruta. Anwani hiyo ikiandikwa baada ya neno «ping», itajulikana kama ruta inajibu.

(d) Amri «ping 8.8.8.8» hupima njia ya nje. Ikishindwa ilhali ruta inajibu, kasoro kwa kawaida iko katika mipangilio ya ruta au upande wa kampuni.

(e) Jibu likipatikana lakini tovuti zisifunguke kwa majina yake, ikaguliwe DNS, yaani huduma inayogeuza majina kuwa anwani za tarakimu.

4.0 Suala la Istilahi

Msemaji akisema «mtandao umepotea», kauli hiyo moja huficha hitilafu tano tofauti. Akisema «ruta inajibu lakini njia ya nje imefungwa», tayari amekwisha kuonyesha mahali pa kutafuta. Istilahi, basi, ni chombo cha kazi, wala si pambo la lugha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa Kiswahili kinaweza kubeba maarifa haya. Mvutano kati ya «tarakilishi» na «kompyuta», au «nywila» na «nenosiri», hauna madhara mradi kila andiko lishikilie neno moja kwa dhana moja.

5.0 Hitimisho

Imebainika kwamba hatua tano fupi hutosha kutenganisha kasoro ya tarakilishi, ya ruta na ya kampuni. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeweza kumweleza jirani hatua hizo kwa lugha yao atakuwa amempunguzia gharama, na ameipa lugha kazi mpya.