SOMO: Matope Yakishuka Mlimani, Yatafika Wapi?

Mvua kubwa ikinyesha usiku, mkazi wa Obunga husikiliza vitu viwili: mabati ya nyumba yake na mtaro ulio karibu. Kaskazini mwa mji wa Kisumu kuna miinuko ya Riat na Kajulu, na mvua inayonyesha huko hushuka kuelekea ziwani. Shida ambayo Obunga inaijua zaidi ni mafuriko. Hata hivyo, maji yanayoshuka mteremko mkali yanaweza kubeba udongo, mawe na miti, yakawa mtiririko mzito wa matope. Wataalamu hutumia kompyuta kukadiria mtiririko huo utafika wapi.

Hatari hii iko karibu nasi. Novemba 2019 maporomoko ya ardhi yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi. Desemba 3, 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang, Tanzania, yalivamia mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Hesabu ya kwanza

Mwaka 1932 mwanajiolojia wa Uswisi, Albert Heim, alichapisha kitabu kuhusu maporomoko na maisha ya watu. Alieleza kipimo rahisi: chukua kimo cha mteremko, ugawanye kwa umbali ambao poromoko lilisafiri. Jibu likiwa dogo, poromoko lilienda mbali.

Tuchukue mfano wa darasani wa mteremko wa mita 300. Poromoko la uwiano wa 0.3 litasimama baada ya mita 1,000. Likiwa na maji mengi, uwiano ukashuka hadi 0.15, litafika mita 2,000. Kilima ni kile kile, lakini maji yameongeza umbali mara mbili. Ndiyo sababu nyumba iliyo mbali na kilima haiwezi kuhesabiwa salama kwa macho tu.

Kompyuta inaongeza nini?

Hesabu ya Heim hutoa umbali pekee. Haionyeshi kasi, kina, wala njia ambayo matope yatafuata. Kompyuta huigawanya ardhi katika miraba midogo kama daftari la hesabu. Kila mraba una kimo chake. Kisha mtaalamu huweka kiasi cha udongo unaoweza kuanguka, na programu huhesabu kila baada ya muda mfupi ni kiasi gani kinahama kutoka mraba mmoja hadi mwingine.

Uzito huvuta matope chini na msuguano huyazuia. Kanuni moja inayotumika sana ilitolewa na Adolf Voellmy wa Uswisi mwaka 1955, akichunguza maporomoko ya theluji. Ina misuguano miwili: mmoja wa kukwaruzana na ardhi, na mwingine unaokua kasi inapoongezeka. Wataalamu hujaribu viwango tofauti mpaka programu irudie tukio lililokwisha kutokea mahali fulani. Hapo ndipo huitumia kukadiria tukio ambalo halijatokea.

Kasi ndiyo jambo la kuogopesha. Mtiririko wa mita 10 kwa sekunde ni sawa na kilomita 36 kwa saa. Ukianza mita 500 kutoka nyumbani, utafika kwa sekunde 50.

Kile ambacho kompyuta haioni

Ramani ya miinuko inayopatikana bure na kutumika sana ilipimwa Februari 2000 na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour. Kila mraba wake una upana wa takriban mita 30. Katika mtaa uliobanana kama Obunga, mraba mmoja unaweza kumeza nyumba nyingi, vichochoro na mtaro mzima. Kompyuta haitajua kama mtaro umezibwa.

Uzito wa jambo hilo ulionekana Mai Mahiu alfajiri ya Aprili 29, 2024. Maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli ambapo kalvati ilikuwa imeziba, kisha yakapasua tuta na kushuka na matope, mawe na miti. Watu zaidi ya 40 walikufa. Kilima peke yake hakielezi msiba huo. Ni lazima kalvati iwe ndani ya hesabu.

Kwa hiyo anayejua mtaro gani huziba kwanza, na maji ya mwaka jana yalifika dirisha gani, ana takwimu ambazo setilaiti haina. Wapimaji wakija mtaani, wakazi wawaonyeshe alama hizo ukutani.

Mambo ya kuzingatia

• Mitaro na kalvati zisitupwe taka. Anayeona imeziba amwarifu msimamizi wa wadi au chifu kabla ya mvua.
• Nyufa mpya kwenye mteremko, miti au nguzo zinazoanza kuinama, na kijito kinachobadilika ghafla kuwa matope au kukauka wakati mvua inanyesha ni dalili za hatari.
• Ukisikia ngurumo kutoka juu ya bonde, usikimbie kufuata mkondo. Kimbilia pembeni, mahali palipoinuka.
• Waamshe majirani, hasa wenye watoto, wazee na wagonjwa. Namba ya dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, na haitozwi.