Danieli Hakusahau Jina Lake

Somo la wiki. Maandiko: Danieli 1:1-7; Danieli 2:17-18; Isaya 43:1



Vijana wanne wa Yuda walipofikishwa Babeli, walibadilishiwa majina. Danieli akaitwa Belteshaza, Hanania akaitwa Shadraka, Mishaeli akaitwa Meshaki, na Azaria akaitwa Abednego. Majina ya kwanza yalimtaja Mungu wa Israeli. Jina jipya la Danieli lilifuata jina la mungu wa mfalme (Danieli 4:8).

Lakini tusome sura ya 2, mstari wa 17. Danieli anarudi nyumbani kuwaeleza wenzake hatari iliyowakabili, na hapo Biblia inawataja Hanania, Mishaeli na Azaria. Kwa mfalme waliitikia majina ya Babeli. Wao kwa wao walijua ni akina nani.

Waliotunza kwao bila nchi

Sisi tuliofanya kazi ya uuguzi Riyadh tulikuwa na Wapalestina kazini: madaktari, wafamasia, watu wa maabara. Baadhi yao walizaliwa palepale Riyadh au Jeddah, wajukuu wa watu waliopoteza makao mwaka 1948, wakati Wapalestina zaidi ya 700,000 walipokimbia au kufukuzwa. Wanaongea Kiarabu, na wengi ni Waislamu kama wenyeji wao. Hata hivyo, kuzaliwa Saudia peke yake hakumpi mtoto wa mgeni uraia. Anaishi kwa kibali cha ukaazi, iqama, kinachotegemea kazi yake au ya mzazi. Kazi ikiisha, anabaki na swali: arudi wapi?

Ukimuuliza mmoja wao kwao ni wapi, mara nyingi hatataja Jeddah. Atataja Yafa, au kijiji cha babu yake ambacho hajawahi kukiona. Wakialikana hupika maqluba, wali wenye nyama na biringanya unaopinduliwa kutoka sufuriani hadi kwenye sinia. Akina mama hutunza magauni yaliyotariziwa kwa mkono. Zamani tarizi ilionyesha mwanamke ametoka sehemu gani. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni. Makaratasi hayakuwapa kwao. Walipeana wenyewe, mezani na kwa sindano.

Dada zetu wanaoitwa kadama

Usiku mmoja aliletwa dada kutoka nyumba alikofanya kazi. Muuguzi hatoi dawa kabla ya kuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa, hivyo tukamuuliza jina. Akataja jina la Kiarabu ambalo halikufanana na la kwenye karatasi zake. Tukamuuliza kwa Kiswahili, "Dada, nyumbani wanakuitaje?" Alinyamaza kidogo, kisha akalia. Mama mwenye nyumba aliona jina lake gumu, akampa jingine. Mwaka wa pili ulikuwa unakwisha bila mtu kumwita alivyoitwa na mama yake. Jina lenyewe hatuliandiki hapa, ni lake.

Dada kama huyu wengi huwaita kadama. Neno hilo limetoka kwenye Kiarabu, khaddama, mtumishi wa ndani, na asili yake ni moja na neno letu hadimu. Tusidhani ni neno tu. Asiye na jina hana anayemwulizia. Sheria za kazi za Saudia zilipofanyiwa mageuzi Machi 2021, wafanyakazi wengi wa kampuni waliruhusiwa kubadili mwajiri kwa urahisi zaidi, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa. Mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya iliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika muda wa takriban miaka miwili, wengi wao wafanyakazi wa nyumbani. Sababu iliyotajwa kwa wengi ni moyo kusimama. Wapendwa, sisi wauguzi tunajua kwamba moyo husimama kwa kila anayekufa. Huo ni mwisho wa safari, haujibu kilichomuua. Familia zilipewa maneno bila jibu.

Na sisi je?

Ni rahisi kuinyoshea Babeli kidole. Lakini hapa kwetu kanisani tumesikia, "Yule alikuwa kadama Jeddah," na sauti ikashushwa. Dada akija na mtoto aliyezaliwa huko, wengine huuliza habari za baba kabla ya kuuliza mtoto anaitwa nani. Alikobadilishiwa jina hakuwa na la kufanya. Akifika kwa ndugu zake na akakuta jina lilelile, atakwenda wapi?

Katika Isaya 43:1 Mungu anawaambia watu waliohamishwa kwamba amewaita kwa majina yao. Nasi tufanye hivyo wiki hii:

1. Tuliache neno kadama. Ana jina, tulijue na tulitumie.
2. Mwenye ndugu Riyadh au Jeddah ampigie simu. Tutunze nakala ya pasipoti yake, namba ya iqama, mkataba, jina la wakala na mahali ilipo nyumba anayofanyia kazi. Siku simu isipopokewa, tutajua pa kuanzia.
3. Tukiwa na jirani au mfanyakazi mwenzetu Mpalestina, tumuulize kwao, tumsikilize bila kubishana.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

- Ni nani kati yetu tunayemjua kwa kazi au shida yake, lakini hatujui jina lake?
- Watoto wetu waliozaliwa huku ugenini wanajua nini kuhusu kwao? Nani anawasimulia?

Tuombe. Baba, unawajua dada zetu walio katika nyumba zilizofungwa, kila mmoja kwa jina. Walinde, na utufundishe kuwaita unavyowaita wewe. Katika jina la Yesu, Amina.