Kwenu Hasa ni Wapi?

Andiko: Matendo 6:1-7. Soma pia Waefeso 2:19.



Jumapili moja nikiwa mlangoni nilimsalimia kijana mgeni. Akaniambia anaishi Langas, na ndiko alikozaliwa. Nikamwuliza, "Sawa, lakini kwenu hasa ni wapi?" Akanyamaza kidogo. "Pasta, ni hapa." Niliona aibu. Nilijiuliza, hili swali nimelitoa wapi?

Swali lenye historia

Wazee bado huuita mji wetu Sisibo, yaani 64, kwa sababu posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba la mlowezi lenye nambari hiyo. Jina Eldoret lilikuja 1912. Serikali ya mkoloni iliwapa walowezi mashamba makubwa, na kila kabila likatengewa eneo lake. Kufikia 1920 mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Kilionyesha jina lake, kabila lake, alikotoka na alikoajiriwa. Mtu angeweza kufanya kazi shamba la mzungu miaka ishirini, azae watoto papo hapo, na kipande bado kiseme yeye ni wa kwingine.

Mkoloni alienda 1963. Lakini hadi leo kitambulisho tunakiita kipande, na aliyezaliwa hapa bado tunamwuliza kwao ni wapi.

Hili si jambo dogo. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa pale Kiambaa, kina mama na watoto wakiwemo, walichomewa ndani. Mkoloni alichora mipaka, ni kweli. Lakini kiberiti hakikuwashwa na mkoloni. Kiliwashwa na watu wa kizazi chetu.

Nilipokuwa nikisomea biashara tulifunzwa hivi: ukichukua duka la mtu, unahesabu mali yake na madeni yake pia. Deni la zamani si wewe uliyelikopa, lakini usipolilipa riba inazidi kupanda.

Kanisa la kwanza lilifanya nini?

1. Lilikubali kuna shida. Wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Hawa wote walikuwa wameokoka, na ubaguzi ulikuwa ndani bado. Mitume hawakusema, "Hao ni watu wa kulalamika tu."

2. Lilibadilisha utaratibu. Mitume hawakuishia kuomba. Walisema wachaguliwe watu saba wasimamie mgao. Angalia majina yao: yote ni ya Kiyunani! Nikolao hata hakuzaliwa Myahudi. Waliokuwa wakisahauliwa walikabidhiwa meza yenyewe.

3. Neno likaenea. Mstari wa 7 unakuja baada ya shida kutatuliwa, si kabla. Mpendwa, tunakesha tukiomba uamsho Eldoret. Je, meza zetu ziko sawa?

Tufanye nini wiki hii?

Tuanze na kamati zetu. Ya harusi, ya matanga, ya msaada: je, wote wanatoka kabila moja? Tuangalie ushirika wetu wa nyumbani. Tukianza kuongea lugha ya mama, kuna mtu anabaki akitabasamu tu bila kuelewa? Mwenye nyumba za kupangisha, je, humwuliza mpangaji jina la pili kabla ya kumwonyesha chumba? Na ujumbe wa chuki ukiingia kwenye simu yako, usiupitishe.

Mimi nimeanza na swali langu la mlangoni. Siku hizi nauliza, "Unaishi mtaa gani, tukutembelee?"

Maswali ya ushirika

1. Ni neno gani ulisikia nyumbani ukiwa mtoto kuhusu kabila lingine, ambalo hutaki watoto wako walirithi?
2. Katika kundi letu, ni nani anayesahauliwa "mgao" ukifanywa?

Ombi: Bwana, tulirithi mipaka ambayo hatukuichora. Utusamehe pale tulipoilinda. Utufanye watu wa nyumba moja. Kwa jina la Yesu, amina.